“Njia imefunguka”: ni nini hasa kinachofunguka?

Nimesikia mara nyingi mama mjamzito akiambiwa na ndugu zake, “Njia imeshafunguka sentimita mbili, leo hii unajifungua.” Siku tatu baadaye bado yuko nyumbani, begi la nguo za mtoto liko palepale karibu na kitanda, naye ameanza kuogopa kwamba mwili wake una kasoro, ilhali kila kitu kinakwenda kama kinavyopaswa.

Kufunguka ni kupanuka kwa tundu la mlango wa kizazi, yaani sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayokutana na uke, hadi kufikia upana wa takriban sentimita 10, ambao kichwa cha mtoto kinaweza kupita.

Neno linaloniudhi ni hilo “njia”. Njia ya uzazi ni uke, nao hauhesabiwi sentimita. Kinachopimwa ni mlango ulio mwisho wake. Hata hivyo, neno “mlango” nalo huficha jambo, kwa kuwa hutufanya tufikirie kitu chembamba ambacho ama kimefungwa ama kiko wazi. Kiswahili kina jina la pili, shingo ya kizazi, nami nalipenda zaidi kwa sababu linaonyesha kwamba kiungo hiki kina urefu. Kwa sehemu kubwa ya ujauzito shingo hiyo huwa ndefu kiasi cha sentimita 3 hadi 4, nayo ukiigusa ni ngumu kama ncha ya pua. Uchungu unapokaribia hulainika kama mdomo, husogea mbele, kisha hufupika mpaka kingo zake zikawa nyembamba kama karatasi. Kwa mama wa uzazi wa kwanza, kufupika huko kwa kawaida hutangulia kufunguka. Aliyekwisha kuzaa anaweza kukaa na sentimita 2 au 3 kwa siku nyingi, hata wiki, bila uchungu wowote.

Nadhani kitenzi chenyewe kimechangia kutuchanganya. Kutoka “funga” tunapata “fungua”, kisha “funguka”, na katika shina hilohilo tunapata “jifungua”. Kwa hiyo sikio hupokea habari ya kufunguka kana kwamba ni habari ya kujifungua, ingawa kati ya mambo hayo mawili kunaweza kuwa na saa chache au siku nyingi.

Tena, mkunga hapimi kwa rula. Huingiza vidole viwili, akavitanua taratibu, akakadiria nafasi iliyo kati yake, na ndiyo maana wakunga wawili wanaweza kutofautiana kwa sentimita 1 katika saa hiyohiyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hatua ya uchungu mkali ihesabiwe kuanzia sentimita 5, na likaeleza kwamba kasi ya sentimita 1 kwa saa ni kubwa mno kwa baadhi ya wanawake.

Uchungu wa kweli huja kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana, kurefuka na kukolea, hata mama akitembea au akibadili mkao. Ule wa uongo hupoa. Ute mzito wenye michirizi ya damu huonyesha kwamba shingo imeanza kulegea, ila unaweza kutangulia uchungu kwa siku kadhaa. Chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, ikipasuka, damu ikitoka kwa wingi, maji yakiwa ya kijani, mtoto akipunguza kucheza, au dalili za uchungu zikianza kabla ya wiki 37, mama aende kituo cha afya mara moja, bila kungoja sentimita zozote.

Basi mama atakayeambiwa “umefunguka mbili” na amwombe mkunga amweleze pia shingo imefupika kiasi gani. Nasi ndugu tunaosubiri nje tuseme tu kwamba mlango wa kizazi umeanza kufunguka, siku ya kuzaliwa mtoto tusiitaje.