Kitabu cha ukoo ni nini, na kwa nini daftari la majina halitoshi

Koo nyingi zina daftari. Anakaa nalo mzee mmoja, na ndani yake mna majina tu: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Pwani huitwa nasaba, bara wengi husema mti wa ukoo. Lina thamani yake, lakini kitabu cha ukoo ni kitu kingine. Ni maandishi yanayoeleza watu hao walikuwa akina nani: walitoka wapi, kwa nini walihama, walikula kwa kazi gani, waligombea nini wakapatana vipi. Tena yawe yamehakikiwa, yamehaririwa, yamepangiliwa kurasa na kujalidiwa, hata mjukuu ambaye hajawahi kukanyaga kijijini ayasome na kuelewa.

Mtu akisikia kitabu "cha kitaalamu" huwaza jalada gumu na karatasi ya kung'aa. Hayo huja mwisho. Utaalamu wenyewe uko kwenye uhakiki, hasa wa tarehe, maana wengi wa wazee wa zamani hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa.

Tuseme ni ukoo wa Kilimanjaro. Bibi anasimulia kwamba mama yake alizaliwa wakati wa Mjerumani, na Mwingereza alipoingia alikuwa ameshaanza kutumwa majani ya ng'ombe. Kwa mwandishi anayejua kazi yake, hiyo ni tarehe. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Mtoto wa kutumwa majani ana miaka kama saba hadi kumi, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1906 na 1909 hivi. Kama familia ni Wakatoliki, hatua inayofuata ni parokiani, kuomba kuangalia kitabu cha ubatizo. Vile vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, na humo hupatikana majina ya wazazi na wasimamizi ambayo ukoo umeshayasahau. Ila tahadhari: aliyebatizwa mtu mzima, tarehe inayoonekana kwanza ni ya ubatizo, si ya kuzaliwa. Pasipopatikana uhakika, kitabu kiandike "kati ya 1906 na 1909" na kisione haya. Tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko pengo, kwa sababu ikishachapwa hakuna atakayeibishia.

Mahojiano nayo yana mitego. Mzee akisema "baba", mwulize papo hapo: baba mzazi, au baba mkubwa? Swali hilo lisipoulizwa, tawi zima linaweza kuning'inizwa kwa mtu asiyelizaa. Kwa Wachagga wakati mzuri wa kurekodi ni Desemba, watu wanaporudi nyumbani mlimani, lakini usimhoji mzee mbele ya kadamnasi. Mbele ya watu atasema yale ambayo ukoo umezoea kuyasikia. Mfuate kesho yake asubuhi, peke yake.

Kasoro ninayoiona zaidi ni wanawake kutoonekana. Binti anaolewa, jina lake linakatika hapohapo. Mke anaingia kama "mama wa watoto watano". Kitabu cha namna hiyo kimesimulia nusu ya ukoo, hata kikichapwa kwa wino wa dhahabu.

Kuna pia mambo ambayo familia haitaki yaandikwe: mtoto wa nje, ugomvi wa kihamba (shamba la ukoo la Wachagga), ndugu aliyefukuzwa. Hapa mwandishi wa nje ana faida, kwani hana shamba analogombea. Hata hivyo ukoo uunde kamati ndogo ya kusoma rasimu kabla ya kuchapwa. Na sentensi yoyote inayotaja mpaka wa shamba isomwe mara mbili, maana kesho mtu atakibeba kitabu hicho kwenye baraza kama ushahidi.

Kwenye usanifu, kinachoharibu zaidi ni picha. Picha iliyopita kwenye makundi matatu ya WhatsApp imeshapunguzwa ubora. Wachapaji hutaka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1,200 itatoka safi kwa inchi nne tu. Ikivutwa ijaze ukurasa, sura ya babu inakuwa ukungu. Tafuta picha yenyewe ya karatasi, iskaniwe upya. Kitabu kitakachopitishwa mkono kwa mkono kishonwe, kisigandishwe kwa gundi peke yake. ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, si lazima kama hamkiuzi.

Mkataba na mwandishi au msanifu utaje jambo moja ambalo wengi hulisahau: ukoo ukabidhiwe rekodi za sauti na faili la kupangilia kurasa, si PDF pekee. Bila hilo, jina moja likikosewa mtalipa kazi upya.