Bembea ya polepole si lazima iwe salama kwako

"Wewe panda zile za watoto tu." Karibu kila anayetumia kiti cha magurudumu, magongo au mguu wa bandia amewahi kuambiwa hivi kwenye bustani ya burudani, na wengi wameamini. Sisi wa mazoezi tiba tunalisikia neno hili kwa wagonjwa, kwa ndugu zao, hata kwa wataalamu wenzetu, na limetuchosha. Kasi peke yake haikwambii kama bembea, yaani chombo chochote cha mchezo unachopanda kwenye bustani hizo, inakufaa. Kabla ya kuuliza inakwenda mbio kiasi gani, uliza utaingiaje, utakaaje, nini kitakushika, na ikikwama utatolewaje.

Chukua mashua inayokwenda taratibu kwenye mfereji. Haimtishi mtu. Lakini ili uingie lazima ushuke kutoka ukingoni, na chombo kinacheza majini kila unapokiegemea. Ndani kuna benchi refu lisilo na kigawanyo wala chuma cha kubana mapaja, kwa hiyo mwenye kiwiliwili dhaifu analalia ubavu kwenye kona ya kwanza. Sasa tazama rola kosta ya kifamilia, kile kigari cha relini kinachopanda na kushuka kwa kasi, ambayo jukwaa lake liko usawa mmoja na sakafu ya behewa, ubavu uko wazi, kiti kina mgongo mrefu na chuma kinashuka hadi mapajani. Kwa aliyepooza miguu lakini ana mikono na shingo imara, hii ya pili ndiyo nyepesi. Hata hivyo watu wanamwelekeza kwenye mashua.

Magari ya kugongana nayo huhesabiwa kuwa mchezo wa upole. Si kweli. Pigo linakuja bila taarifa, kutoka upande usioutazama, na misuli ya shingo haipati nafasi ya kukaza. Mwenye baridi yabisi iliyofika shingoni ayaache kabisa. Mabembea ya kuzunguka yenye benchi la watu wawili yanakusukuma kuelekea nje mfululizo mpaka yasimame. Asiyeweza kujizuia kwa kiwiliwili akae upande wa ndani, msaidizi akae nje, la sivyo atabanwa na uzito wa mwenzake.

Kasi ina pahali pake, nako ni shingoni. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kwenye rola kosta kubwa nguvu inaweza kufika 4 g, yaani mara nne ya uzito wa kawaida, kwa muda mfupi, kwa hiyo shingo inabebeshwa kama kilo 20. Kipimo ninachowapa watu ni hiki: gari likipita kwenye matuta, unaweza kukituliza kichwa bila kukiegemeza? Kama huwezi, rola kosta iache, hata ile ndogo. Kama unaweza, na daktari hajakukataza kwa sababu ya shingo, moyo au mifupa, chagua behewa la katikati, maana la nyuma huvutwa kwa nguvu zaidi kwenye kila kilele.

Chuma cha mapajani kimetengenezwa kushika mapaja, si tumbo. Aliyekatwa miguu yote miwili juu ya magoti huenda asiwe na cha kushikwa nacho, hata kama mikono yake ina nguvu za ajabu. Mhudumu akikukatalia kwa sababu hiyo, usibishane naye. Anachozuia ni wewe kurushwa nje.

Swali la kutolewa ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mabembea hukwama, mara nyingine juu kabisa, na njia ya kushukia inaweza kuwa ngazi nyembamba ya chuma. Muulize mhudumu kabla ya kupanga foleni, kisha simama utazame mzunguko mmoja mzima, kuanzia watu wanavyoingia hadi wanavyotoka.

"Wahudumu watanibeba." Bustani nyingi haziwaruhusu wafanyakazi wao kumnyanyua mgeni. Njoo na mtu aliyejifunza kukuhamisha, na mfanye mazoezi nyumbani kwenye kochi la chini. Kiti cha magurudumu kiwekwe kwa mshazari karibu na kiti cha bembea, breki zifungwe, pedali za miguu zisogezwe, mkono wa kiti wa upande huo utolewe. Sogea mbele ukingoni, kisha inamisha kichwa upande ulio kinyume na unakopeleka makalio. Ubao wa kuhamia unasaidia pale ambapo viti viwili vinakaribiana. Kiti chenye ubavu ulioinuka kama beseni kinaufanya utereze.

Wengi hufanya mazoezi ya kuingia tu, nao wanakwama wakati wa kutoka. Viwango vya Marekani vya 2010 vinaruhusu kiti cha bembea cha kuhamia kiwe na urefu wa sentimita 35 hadi 61 kutoka jukwaani. Kiti chako cha magurudumu pamoja na mto kina kama 50. Ukishuka hadi 35 umeteremka. Kurudi unapanda sentimita 15 kwa mikono iliyokwisha kuchoka. Fanyeni zaidi mazoezi ya kupanda.

"Natembea, kwa hiyo kiti cha magurudumu si changu." Kutembea mita 100 sebuleni na barazani si sawa na kilomita kadhaa za bustani na foleni za kusimama. Kodi kiti mapema asubuhi, kabla miguu haijakataa.

"Kiti kinanivusha foleni." Siku hizi bustani nyingi hukupangia saa ya kurudi kupanda, na pale njia ya foleni inapopitika kwa magurudumu unasubiri kama wengine.

"Nitakalia mto wangu ndani ya bembea." Usifanye hivyo. Mto unakuinua, chuma hakishuki mapajani inavyotakiwa, nao unaweza kuteleza. Dakika chache kwenye kiti kigumu zinavumilika. Ukitoka kagua ngozi ya makalio na visigino.

Na kwa aliyeumia uti wa mgongo kuanzia kifuani juu, pingili ya T6 (ya sita ya kifua) na kwenda juu: toa mkojo kabla ya kupanda na hakikisha mpira wa mkojo, kama unao, haujajikunja. Chuma kikigandamiza kibofu kilichojaa, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla. Kichwa kinagonga, uso unawaka, jasho linatoka juu ya sehemu iliyoumia. Hapo keti wima, legeza mkanda na kila kinachobana, fungua njia ya mkojo, na isipotulia mara moja ita huduma ya dharura.