Mkojo Ukichoma, Jiulize Kwanza Unachoma Wapi

"Nipe sipro (dawa ya kuua bakteria), nina UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)." Katika maduka ya dawa ya Malindi maneno hayo husemwa kabla mtu hajaulizwa lolote, na muuzaji humpa. Wiki ikiisha mkojo bado unachoma, dawa inabadilishwa, na hakuna aliyeangalia.

Si kila mkojo unaochoma ni UTI! Maambukizi ya kibofu huuma ndani, chini ya kitovu: unakwenda haja kila mara, yanatoka matone, na maumivu huzidi mkojo unapokwisha. Malengelenge ya sehemu za siri (herpes) huuma nje, pale mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka. Shika kioo cha mkono, chuchumaa penye mwanga, tenganisha mashavu ya uke. Kama ni malengelenge, utaona vipele vya maji vilivyoshikana, au vidonda vidogo vya juu juu, vyekundu, vinavyouma ukivigusa. Kijiti cha kupimia mkojo kisikudanganye: chembe nyeupe za damu huonekana hata chanzo kikiwa vidonda hivi.

Malengelenge ni kirusi, na sipro haiui kirusi. Daktari hutoa asiklova, miligramu 400 mara 3 kwa siku, siku 7 hadi 10 kwa mara ya kwanza, na hufaa zaidi ikianzwa mapema. Unapokojoa, jimwagie maji vuguvugu kwa kopo. Usiache kunywa maji kwa kuogopa choo. Mkojo mzito ndio unaochoma zaidi. Mkojo ukigoma kabisa kutoka, au ukiwa mjamzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na jamani, talaka zisitoke kwa ajili ya hili. Kirusi hiki hulala mwilini miaka, na huambukiza hata pasipo kidonda. Kidonda cha leo si ushahidi wa zinaa ya jana.

Mwingine husema kuhusu kidonda chake: "Hakikuuma, kikapona chenyewe." Hicho ndicho cha kuogopa. Kidonda cha kaswende huwa kigumu, hakiumi, na hupotea kwa wiki 3 hadi 6 huku ugonjwa ukibaki. Pima damu. Kaswende ikiwa mwanzoni, sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, mara moja hutosha.

Usilaumu choo cha jirani kwa magonjwa haya; hakina hatia. Shabu (jiwe la alumu) na ndimu ukeni huchubua na kuwasha. Maji matupu, tena nje tu, yatosha. Na aliyezoea kufua au kuoga mtoni kisha akaona damu kwenye mkojo, aombe kupimwa kichocho.