Kwa nini anayesomea ualimu anaweza kukwama kwenye hesabu za shule ya msingi?

Gawanya 1¾ kwa ½. Ukishapata jibu, tunga fumbo la maneno linalohitaji hesabu hiyo hiyo.

Walimu 23 wa shule za msingi nchini Marekani, takriban nusu yao wakiwa ndio kwanza wanaingia kazini, waliulizwa hivyo katika utafiti uliochapishwa na Liping Ma mwaka 1999. Kati ya 21 waliojaribu kukokotoa, 9 tu walifikia jibu sahihi, yaani 3½. Fumbo lenye maana sahihi alilitunga mmoja peke yake. Nchini China walimu wote 72 walipata jibu.

Watu wakisikia habari kama hizi hukimbilia kusema kwamba ualimu unachukua waliofeli, au kwamba wangeongezewa miaka ya masomo. Takwimu hizo zinakataa. Walimu wa Marekani walikuwa na shahada. Wengi wa wale wa China walisoma miaka tisa tu, kisha miwili au mitatu ya chuo cha ualimu. Hata usomi wa hali ya juu si kinga. Mwaka 1987, watu 23 waliohojiwa kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard waliulizwa maswali ya sayansi ya shuleni, kama vile kwa nini kuna majira ya mwaka, na 21 wakakosea. Jibu lililorudiwa sana lilikuwa kwamba kiangazi huja Dunia inapolikaribia Jua. Ukweli ni kwamba Dunia huwa karibu zaidi na Jua mapema Januari, wakati kaskazini kuna baridi kali. Kinacholeta majira ni kuinama kwa mhimili wake. Aliyesoma sana anaweza kubeba kosa la utotoni hadi kwenye joho.

Linabebekaje? Mtoto hufundishwa kanuni: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. 7/4 × 2/1 = 14/4, basi. Anapata vema, anafaulu, anasonga mbele. Sekondari hakuna anayemrudisha nyuma kumuuliza kwa nini tunageuza. Chuoni anasomeshwa mbinu za kufundishia na saikolojia, kwa kudhani hesabu zenyewe anazo. Ni kama mtu anayefunga tai kila asubuhi: mikono inajua, lakini mwambie amwelekeze mwenzake kwa simu, ndipo utakapoona anachokijua na asichokijua.

Sasa aingie darasani. Kamba ina urefu wa mita 1¾. Ukiikata vipande vya nusu mita, unapata vingapi? Vitatu vizima, na inabaki robo mita. Hapo mtoto makini atauliza: mbona imebaki robo, na jibu linasema nusu? Swali zuri sana hilo, na kanuni haina jibu lake. Jibu ni kwamba tunahesabu vipande, si mita, na robo mita ni nusu ya kipande. Wengi waliokosea kwenye utafiti walitunga fumbo la kugawana kitu kati ya watu wawili, ambalo ni kugawanya kwa 2, wala si kwa ½.

Tusiyapime mataifa mazima kwa walimu 23. Ni wachache mno. Ila utafiti mpana zaidi wa mwaka 2008, TEDS-M, uliowapima wanaosomea ualimu wa hisabati katika nchi 17, Botswana ikiwemo, ulikuta tofauti kubwa kati ya nchi na nchi, Taiwan na Singapore zikiongoza kwa ngazi ya msingi. Kwa hiyo pengo hili haliko sawa kila mahali. Namna ya kuwaandaa walimu ina uzito wake.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Ma aliwahoji pia wanachuo wa ualimu wa China. Walikokotoa bila shida, lakini uelewa wa kina kabisa hakuukuta kwao. Aliukuta kwa baadhi ya walimu wazoefu, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakikaa na wenzao kukichambua kitabu cha kiada mada kwa mada, kabla ya kwenda kuifundisha.