Fulana yenye nembo si zawadi ya mteja

Mwaka ukielekea ukingoni, taarifa za kampuni huanza kumiminika: "Tumewazawadia wateja wetu fulana, kofia na kalenda, ikiwa ni shukrani kwa kuwa nasi mwaka mzima." Ofisi za masoko huandika hivyo, na vyombo vya habari huchukua hivyo hivyo. Wiki hiyo hiyo mtu mwingine anapeleka kapu la sikukuu nyumbani kwa ofisa ununuzi anayepitia zabuni yake, naye anasema amepeleka zawadi. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu isiyofanana, na kampuni nyingi zinapoteza fedha, nyingine heshima, kwa kutoitenganisha.

Maana zenyewe ni fupi. Bidhaa ya matangazo ni kitu chenye nembo kinachogawiwa kwa watu wengi ili jina la kampuni lionekane na likumbukwe. Zawadi ya kampuni ni kitu kilichochaguliwa kwa ajili ya mtu au ofisi unayoijua, kwa heshima ya uhusiano ambao tayari upo, na aliyetoa hangojei kulipwa kwa namna yoyote. Hongo ni bei ya kupitishiwa jambo, hata ikifungwa kwa utepe na karatasi ya kung'aa.

Swali la kujiuliza kabla ya kuagiza chochote ni hili: kitu hiki kinamfanyia nani kazi? Fulana yenye nembo kifuani na namba ya simu mgongoni inaifanyia kazi kampuni. Anayeivaa anapita nayo sokoni na kwenye daladala akikutangazia, wala hakutozi senti. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Ni tangazo halali, linalipwa kutoka fungu la matangazo, na watu huipokea kwa furaha. Ila mtu aliyekuazima mgongo wake hadaiwi shukrani. Ukipiga hesabu vizuri, wewe ndiye unayedaiwa.

Ukishakubali kwamba ni tangazo, unaanza kuuliza maswali ya tangazo: litaonekana wapi, na nani, kwa muda gani? Hapo ndipo fulana nyingi zinapofeli. Kitambaa ni chepesi hadi unaona mkono upande wa pili, chapa imebandikwa kwa joto na inaanza kupasuka baada ya kufuliwa mara chache, na mzigo wote umekuja kwa saizi kubwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kuagiza. Mama mwembamba aliyepewa hiyo haivai kanisani wala sokoni. Anailalia, kisha anaikata na kudekia, na jina la kampuni linaishia kwenye ndoo ya maji machafu. Fulana 200 za kitambaa kizito, zilizochapwa kwa skrini na kupangwa kwa saizi za watu halisi, zitakutangaza kuliko 1,000 za namna ile.

Kwangu mimi, bidhaa ya matangazo inayofanya kazi vizuri kuliko zote huku kwetu ni kalenda ya ukutani. Ingia duka la rejareja, kwa kinyozi, kwa fundi cherehani au ofisi ya serikali ya mtaa, utaikuta juu ya kaunta, na mtu huitazama kila siku bila kuombwa. Lakini wabunifu wanaiharibu. Wanaweka picha ya jengo la makao makuu ikala nusu ya karatasi, tarehe wanazibana chini kwa herufi za kuhitaji miwani. Mwenye duka hana haja na jengo lako. Anataka visanduku vipana, kwa sababu humo ndimo anamoandika nani kachukua unga kwa mkopo, marejesho ya kikoba ni lini, na mtoto anarudi kliniki siku gani. Anataka sikukuu ziwe nyekundu na ziwe za nchi yake: kampuni inayogawa kalenda pande zote mbili za mpaka wa Namanga ikumbuke kwamba Tanzania inapumzika tarehe 14 Oktoba kumkumbuka Mwalimu Nyerere, na Kenya inaadhimisha Mashujaa tarehe 20. Anataka pia aone Idd imeandikwa na maelezo kwamba itategemea kuandama kwa mwezi. Kisha kalenda ifike mapema. Ikija katikati ya Januari, msumari umeshapata kalenda nyingine.

Mfuko nao umepanda cheo. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, mfuko imara wa kitambaa ukawa kitu ambacho mtu anatoka nacho nyumbani kila anapokwenda gengeni. Vipeperushi vinavyogawiwa kwenye mabanda ya maonyesho ya Sabasaba na Nane Nane vingi vinabaki palepale uwanjani, lakini mfuko mzuri unafika hadi kijijini na kurudi.

Haya yote ni matangazo, na nimeyasifu kwa moyo mmoja. Zawadi ni jambo jingine.

Chukua kanga. Ina pindo, ina mji katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na anayemnunulia mtu kanga husoma jina kwanza kabla ya kutazama rangi. Jina ndilo linalosema kwa nini umempa. "Wema hauozi" humpi mtu unayegombana naye, na jina la kijembe humpelekei mkwe. Doti moja iliyochaguliwa vizuri inaonyesha kwamba mtoaji alisimama dukani akamfikiria mtu mmoja tu. Sasa kampuni inakwenda kiwandani, inajaza nembo katikati ya mji, na mahali pa jina inaweka kaulimbiu yake ya mauzo. Kwa wafanyakazi wanaotaka sare ya maandamano ya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, kanga hiyo inafaa kabisa. Lakini ukimpelekea wakala wako wa miaka mingi aliyejifungua juzi, umemnyima kile kile kinachoifanya kanga iwe zawadi. Umechukua sehemu ya kumsemesha yeye, ukajisemea mwenyewe.

Wauza kanga wa zamani walilijua hili. Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, ilitia alama yake kwenye kanga kwa herufi ndogo tu: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mji, pindo na jina waliachiwa wanawake. Hadi leo wapo wanaoitafuta alama hiyo kwa macho kabla ya kulipa, ingawa ni ndogo kuliko nembo yoyote ambayo ofisi ya masoko ingeikubali.

Kwa hiyo, ukitaka kumpa mteja zawadi, ondoa nembo, au ifiche pale ambapo hata mwenye kitu haioni mara mbili. Iweke kwenye kadi iliyoandikwa kwa mkono na mtu anayemjua. Halafu fuata kalenda ya maisha yake, kwa sababu kalenda ya mauzo yako haimhusu. Tende nzuri na vitu vya futari kabla ya Ramadhani, zikifika mapema ziingie jikoni kwa wakati, zina maana kwa familia ya Kiislamu kuliko kapu la Desemba lenye chupa ya mvinyo ndani, ambalo litawatia aibu mbele ya wageni. Kosa hili hutokea kila mwaka, na chanzo chake ni kuagiza makapu yanayofanana kwa orodha nzima ya wateja. Aliyeagiza hivyo amegawa tu, hata kama bei ya kila kapu ilikuwa kubwa.

Kuna zawadi nyingine ambayo bajeti nyingi za masoko haziitaji kabisa, nayo ni rambirambi. Mteja wako kafiwa na mama. Kampuni inamtuma mtu anayemfahamu, si dereva aliyepewa bahasha, anakwenda msibani na mchele, katoni za maji na mchango ulioandikishwa daftarini kama michango ya wengine, anakaa kwenye mkeka hadi maziko. Hakuna picha wala bango. Huku kwetu mtu husahau nani alimpa shajara ya ngozi, lakini daftari la msiba huhifadhiwa, na waliokuja hukumbukwa.

Sasa huo mzigo wa tatu, ambao ndio hasa ulionifanya niandike.

Neno hongo lina historia ambayo wafanyabiashara wangefaa kuijua. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kavu yenye visima vya kuhesabu, na watawala wa huko walidai hongo: doti za vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya. Mazungumzo yaliweza kuchukua siku kadhaa, kambi nzima ikijua kiasi gani kimeombwa na kiasi gani kimekubaliwa. Ilikuwa ushuru wa njia na maji, uliotolewa mbele za watu, na aliyetoa alijua kwamba ananunua ruhusa ya kupita. Leo hongo imebaki na kazi ile ile ya kununua njia, ila imepoteza uwazi wake, na ndiyo maana inahitaji kuazima jina la zawadi.

Tanzania tuliwahi kuuandika uazimaji huo wa jina katika sheria. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa kawaida au wa kimila ambao mgombea angeufanya kwa nia njema kwa wapiga kura. Neno lenyewe ni zuri, ni ndugu wa ukarimu na karamu. Lakini wali na soda vikishaletwa wiki ya kampeni, nani atapima nia? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikatamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. Shida ilikuwa kwamba takrima na rushwa hazikuwekewa mpaka unaoonekana.

Kwenye biashara mpaka huo unaonekana ukitaka kuuona. Tazama wakati kwanza. Kapu lile lile la mchele, mafuta na biskuti likipelekwa mwezi mmoja baada ya mkataba kumalizika na hesabu kufungwa, linaweza kuwa shukrani. Likipelekwa bahasha za zabuni zikiwa hazijafunguliwa, si shukrani, maana hakuna lililokwishatendwa la kushukuriwa. Tazama pia mahali: kitu kinachopelekwa ofisini, kikapokelewa mapokezi na kusainiwa, kina tofauti na kinachopelekwa nyumbani usiku. Kisha tazama umbo lake. Fedha taslimu, vocha na miamala ya simu havina kazi ya kumkumbusha mtu chochote. Vina kazi ya kutumika.

Sheria nazo haziishii serikalini, kama wengi wa sekta binafsi wanavyojidanganya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inamgusa pia mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili apendelee upande fulani katika kazi za mwajiri wake. Kenya, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 imekwenda mbele zaidi kwa kuzitaka hata kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo. Kwa watumishi wa umma wa Kenya, zawadi anayopewa mtumishi kwa wadhifa wake ikizidi thamani iliyowekwa huhesabiwa kuwa mali ya ofisi, si yake. Kanuni hiyo ingefaa hata pale ambapo sheria haijafika. Ukipeleka sanduku la maembe kwa idara nzima ya uhasibu, wakayala pamoja saa nne pamoja na chai, umewashukuru watu wote waliokupitishia ankara zako mwaka mzima, na hakuna hata mmoja kati yao anayelazimika kunyamaza akiulizwa yametoka wapi.

Ndugu yangu wa idara ya masoko, najua huna nia mbaya unapoandika kwamba mmezawadia wateja fulana 500. Andika kwamba mmegawa fulana 500. Sentensi haitapungua uzito, mkurugenzi hatakasirika, na mhasibu atajua aiandike kwenye fungu gani. Kisha chukua orodha ya wateja wako, tafuta wale wachache ambao unajua watoto wao wanasoma wapi na mwaka huu walipatwa na nini, uwapelekee kitu kisichokuwa na namba yako ya simu. Hicho, ukitaka, kiite zawadi.