Kikoba kipo wapi katikati ya wiki?

Sanduku la kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huwa na kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na anayelilaza sanduku kwake hana hata mmoja. Siku ya kikao linawekwa katikati. Kabla ya kufunguliwa, mwenyekiti anauliza: "Tuliacha shilingi ngapi?" Wanachama wanataja salio kwa kichwa, ndipo fedha zihesabiwe kwa sauti. Hisa zinanunuliwa, aliyechelewa anatozwa faini, kufuli zinarudi, watu wanatawanyika. Hadi kikao kijacho, kikoba kipo wapi?

Wengi watajibu kipo kwenye katiba na cheti cha usajili. Falsafa ya mchakato inakataa. Alfred North Whitehead, mwanahisabati Mwingereza aliyehamia Harvard mwaka 1924, alifundisha kwamba msingi wa yaliyopo ni matukio. Kinachoonekana kimetulia ni matukio yanayojirudia kwa mpangilio. Mwaka 1979 Karl Weick, mwanasaikolojia wa Marekani, alihimiza watafiti wa mashirika watumie zaidi vitenzi, wapunguze nomino. Sisi wa Kiswahili wala hatuhitaji kusukumwa: shirika na kushiriki ni mzizi mmoja.

Tazama siku ya kuvunja. Mzunguko ukiisha, fedha zinagawanywa kwa hisa mpaka sanduku linabaki tupu. Ukihesabu mali, hapo shirika limekufa. Wiki chache baadaye wanaanza tena, wawili wamejitoa, watatu wameingia, bei ya hisa imepanda, na kila mtu anakiita kikoba kilekile. Kilichovuka ni ule utaratibu wa kuuliza, kutaja na kuhesabu mbele ya wote, na hata huo hauvuki mpaka ufanywe tena.

Katiba ina kazi yake, sibishi. Benki haifungui akaunti ya mchakato. Ila kikundi kikilegea, viongozi hukimbilia kurekebisha vifungu. Mimi huomba kwanza kukaa kwenye vikao viwili, kimya. Kikundi kimoja kilikuwa na katiba safi kabisa, lakini mhazini alikuwa ameanza kuhesabia pembeni "tuokoe muda". Hakuna kikao kilichopitisha hilo, wala hakuna aliyelipinga. Nilipouliza salio la wiki iliyopita, watu wote wakamgeukia yeye.