Je, wajua kwa nini kutu hunywa jua lakini hupasua maji kwa shida mpaka ipakwe madini ya kobalti?

Kutu haina uhaba, haina sumu na bei yake ni ya kutupa. Aina yake iitwayo hematiti, ileile inayoupa udongo mwekundu rangi yake, hunyonya nuru ya jua kuanzia urujuani hadi kijani na kuingia kidogo kwenye njano. Tena ikikaa kwenye maji yenye magadi haiharibiki. Ukiambiwa utafute kitu cha kupasua maji kwa jua tupu, yaani kuyatenganisha kuwa oksijeni na haidrojeni, gesi ya nishati, ungeanzia hapo. Basi mbona ukiichovya majini na kuiweka juani hupati hata povu moja?

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, waliandika katika jarida la Nature kwamba wamemulika fuwele ya dioksidi ya titani iliyozama majini, ikiwa imeunganishwa kwa waya na kipande cha platini. Oksijeni ilitoka upande wa titani, haidrojeni upande wa platini. Kasoro yake ni kwamba titani hiyo hutumia mionzi ya urujuanimno peke yake, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu ya jua linalotufikia. Ndipo watu wakaigeukia kutu, yenye kunyonya nuru tunayoiona kwa macho.

Hematiti ni nusu kipitishi, yaani hupitisha umeme kidogo, si vizuri kama metali. Nuru ikiipiga, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni hupita kwenye waya kwenda kutengeneza haidrojeni upande wa pili, na tundu hutakiwa lifike kwenye uso unaogusa maji, liyanyang'anye elektroni, oksijeni itoke. Kwa hesabu tupu, sentimita moja ya mraba ya hematiti chini ya jua kali ingetoa mkondo wa umeme wa zaidi ya miliampea 12. Maabara nyingi zimefurahia kupata 3.

Hasara ya kwanza hutokea ndani. Tundu la hematiti husafiri nanomita chache tu kabla ya kukutana na elektroni na kufutika, na joto kidogo ndilo faida pekee inayobaki. Dawa yake ni kuifanya kutu iwe na vinundu vyembamba, ili popote tundu lizaliwapo uso usiwe mbali.

Hasara ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hutokea mlangoni kabisa. Molekuli moja ya oksijeni huhitaji matundu manne. Fikiria pantoni ya Kigamboni isiyoondoka mpaka wapatikane abiria wanne: wa kwanza amewahi, wa pili yupo, lakini kabla wa nne hajafika, wawili wamekata tamaa wamerudi nyumbani. Uso wa kutu ni mzito katika kazi hii, na matundu yanayosubiri huishia kufutwa na elektroni zinazorudi nyuma.

Kuna njia nyepesi ya kuona hasara hiyo kwa macho. Mimina kwenye maji haidrojeni peroksaidi, ambayo hutoa elektroni zake upesi bila kungoja idadi itimie. Mkondo wa umeme hupanda papo hapo, ingawa kutu ni ileile na taa ni ileile. Tofauti kati ya mikondo hiyo miwili ni hesabu ya matundu yaliyokuwa yamefika mlangoni yakakosa kazi.

Hapo ndipo kobalti inapoingia. Mwaka 2008 Matthew Kanan na Daniel Nocera wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, kinachojitengeneza chenyewe kutoka kwenye maji yenye fosfeti na chumvi kidogo ya kobalti. Mwaka uliofuata kundi la Daniel Gamelin, Chuo Kikuu cha Washington, likakipaka juu ya hematiti. Umeme wa kusaidia, yaani volti inayoongezwa kutoka nje, uliohitajika ili mkondo uanze ukapungua kwa zaidi ya volti 0.35. Katika njia iliyobuniwa baadaye, nuru yenyewe ndiyo fundi: elektrodi, yaani bamba lenye kutu, inazamishwa kwenye maji yale yenye kobalti, inamulikwa huku ikipewa volti ndogo, na kobalti inaganda pale tu matundu yanapotokea. Ukizidisha unene unajiumiza, maana tabaka nene huziba nuru.

Sasa, kila mtu alidhani kobalti inaharakisha tu utengenezaji wa oksijeni. Kundi la James Durrant, Imperial College, London, likapima muda wa kuishi wa matundu kwa mimweko mifupi ya leza, na mwaka 2011 likaja na jibu jingine: faida kubwa ni kwamba elektroni zinazuiwa zisirudi kuyafuta. Mwaka 2012 kundi la Thomas Hamann, Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, likaona kwamba kobalti huyapokea matundu na kuyahifadhi. Kwa maoni yangu ubishi huu una faida kuliko rekodi nyingi za mkondo, kwa kuwa mtu anayejua ni kazi gani inafanyika ndiye anayeweza kuchagua kipakwa kinachofaa.

Ushahidi mzuri wa hilo ulitoka kwenye nusu kipitishi kingine, vanadati ya bismuthi. Mwaka 2014 Tae Woo Kim na Kyoung-Shin Choi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliipaka tabaka mbili: ya chuma chini, ya nikeli juu. Ya chuma ilishikamana vizuri na vanadati, matundu yakavuka bila kupotea, na ya nikeli ikaelewana vizuri na maji. Walipogeuza mpangilio, nikeli chini na chuma juu, matokeo yakashuka.

Hata hivyo hematiti ina deni ambalo kipakwa chochote hakiwezi kulilipa. Elektroni zake hutoka na nguvu pungufu ya ile inayotakiwa kutengeneza haidrojeni, kwa hiyo lazima ziongezewe volti, na pendekezo lililo maarufu ni kuweka seli ya jua nyuma ya bamba la kutu, inase ile nuru nyekundu inayopenya.